Padre Cecil Majaliwa

Katika jubilei hii yatupasa tumkumbuke Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza katika Misheni ya UMCA kupewa daraja ya ukasisi. Alikuwa Myao, naye angali mtoto alichukuliwa utumwani. Alipokwisha kukombolewa, Misheni ilimlea huko Unguja, akasoma Kiungani, kisha Canterbury katika Uingereza.

Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akatumwa Chitangali, upande wa Ruvuma, kwa Nakaam, jumbe wa Wayao. Huko alifundisha na kubatiza. Lakini shemasi hana amri ya kuweka wakfu mkate na divai, wala ya kutamka maondoleo ya dhambi. Basi Wakristo wale walikuwa na mwalimu, ila Meza ya Bwana iliwabidi waingoje mpaka aje kasisi kutoka mbali. Na mgonjwa aliyekaribia kufa hakuweza kungoja.

Hata mwaka 1890 Askofu Smythies alimwekea mikono, akawa kasisi. Kwa watu wa Chitangali haikuwa heshima ya mtu mmoja tu. Tangu hapo Sakramenti ilikaa kwao, mikononi mwa mtu wa kabila lao. Yeye aliyetiwa bei kama bidhaa ndiye aliyewagawia ndugu zake kitu kisichokuwa na bei.

Nasi tuliozoea kusikia kengele kila Jumapili, tusilihesabu kuwa jambo dogo. Tuwakumbuke waliongoja, na tuwatoe vijana wetu kwa kazi hiyo, ili pasiwe na kanisa lenye watu na altare isiyo na kasisi.