WIMBO UNAUJUA, JE, MWENYE WIMBO UNAMJUA?



Simama kidogo usome karatasi hii. Ni bure, haiuzwi. Nataka nikusimulie habari za kijana mmoja ambaye tuni yake unaijua tangu utotoni, na pengine hata jina lake hujawahi kulisikia. Taifa Stars wakijipanga uwanjani kabla mpira haujaanza, tuni yake inapigwa. Uwe umekaa barazani, uwe umebanana kwenye daladala, redio ikipiga Mungu Ibariki Afrika unaijua papo hapo.

Sasa nikuulize, tuni hiyo ilitoka wapi? Aliyeitunga hakuwa rais wala jenerali. Hakuwa tajiri. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya watoto wa shule! Jina lake Enoch Sontonga.

ALIKUWA NANI?

Enoch alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, upande wa mashariki wa Cape, Afrika Kusini. Mji huo tangu mwaka 2021 unaitwa Kariega. Kabila lake Mxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, chuo cha wamisheni, na mwaka 1896 akapelekwa kufundisha shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa na miaka kama 23 tu. Hebu fikiri, umri wako huo huo!

Na Johannesburg ya wakati ule haikuwa mahali pepesi. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa pale mwaka 1886, miaka kumi tu nyuma. Watu walimiminika kutoka kila upande. Mwafrika alishuka chini ya ardhi kuchimba mali ya mtu mwingine kwa ujira mdogo, na juu ya ardhi alitembea na hati ya ruhusa mfukoni kama mgeni katika nchi yake mwenyewe. Watoto wakakulia katika hali hiyo. Nani alikuwa na habari na watoto hao?

Mwalimu Enoch alikuwa na habari nao. Alikuwa mtu wa kazi nyingi. Alipiga picha, alitunga mashairi, alihubiri ingawa hakuwa mchungaji. Akamwoa Diana, binti wa mchungaji, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Lakini kazi iliyolibeba jina lake mpaka leo ni moja: aliwafundisha watoto kumwimbia Mungu.

ALIWAFUNDISHAJE?

Sikiliza vizuri hapa. Enoch hakungoja wanafunzi wake wawe watu wazima ndipo awape kazi. Alitunga nyimbo kwa ajili yao hao hao, kwa lugha yao ya Kixhosa, ili mtoto aimbe neno analolielewa.

Tena alitumia solfa, yaani zile herufi za do, re, mi. Uzuri wa solfa ni kwamba haihitaji kinanda wala gitaa. Ukiwa na ubao na chaki unaweza kufundisha darasa zima. Sauti ya kwanza inajifunza herufi zake, ya pili zake, ya tatu zake, na besi zake. Kisha mnaunganisha. Mtoto wa maskini asiye na kitu nyumbani anakuwa na kazi yake katika wimbo, na asipoimba yeye pengo linasikika. Mtu aliyezoea kuambiwa hafai, siku hiyo anajua anahitajika!

Nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni, kwa sababu aliyaona mateso ya watu wake. Lakini huzuni yake aliipeleka kwa Mungu. Mwaka 1897 akatunga ubeti mmoja na kiitikio, ombi kwa Mungu kwa ajili ya Afrika nzima. Jina lake Nkosi Sikelel' iAfrika. Mwenye maombi hayo alikuwa kijana wa miaka kama 24, na waimbaji wake walikuwa watoto wa shule.

Mwaka 1899 wimbo ukaimbwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu wengi. Wapi? Kwenye ibada! Ilikuwa siku ya kumwekea mikono mchungaji Boweni. Ndiyo maana nakwambia, kabla haujawa wimbo wa taifa, ulikuwa wimbo wa ibada.

DAFTARI LILIPOTEA

Enoch aliandika nyimbo zake kwa mkono katika daftari la shule. Alitamani siku moja zichapishwe kitabu. Watu walizipenda, wakaliazima daftari. Huyu akalichukua, yule akalichukua, mwisho likapotea. Halijaonekana mpaka leo.

Naye mwenyewe hakukaa sana duniani. Alikufa tarehe 18 Aprili 1905, ana miaka kama 32. Hili soko letu la Darajani lilikuwa limejengwa mwaka mmoja tu nyuma, 1904. Hakuwahi kuona kitabu cha nyimbo zake. Hakujua kwamba kuna nchi zitakuja kusimama wima kwa tuni yake.

Hata kaburi lake likasahauliwa! Miaka ya 1990 watu wakaanza kulitafuta katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Walitafuta jina la Sontonga, wasione kitu. Kumbe alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch. Likapatikana, na tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela akazindua mnara pale, na mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Basi, daftari lilipotea na kaburi likapotea. Kwa nini wimbo haukupotea?

Kwa sababu hakuuacha kwenye karatasi peke yake. Aliuweka ndani ya watoto! Kwaya yake iliuimba huku na huku, kwaya nyingine zikaufuata. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Waafrika walipokutana Bloemfontein na kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, waliuimba baada ya sala ya kufunga. Mwaka 1923 Sol Plaatje akauimba London ukarekodiwa kwenye sahani ya santuri. Mwaka 1927 mshairi Mqhayi akauongezea beti. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, na tuni ile ikapaa kwa maneno ya Kiswahili. Zambia wakaichukua mwaka 1964. Mwaka 1994 ikawa wimbo wa taifa kwao alikozaliwa, na mwaka 1997 ikaunganishwa na wimbo mwingine kuwa mmoja.

Mdogo wangu, vitu vinaliwa na mchwa. Lakini ulichokipanda ndani ya kijana kinatembea kwa miguu yake.

NENO KWA ANAYEONGOZA WAIMBAJI

Labda karatasi hii imemfikia mtu mwenye kwaya au bendi. Ndugu, nawe sikia. Wapo viongozi wa sifa walioshika maikrofoni miaka kumi na hawataki kijana mwingine aiguse. Kinanda wanakifungia chumbani. Nota hawaandiki, wanaogopa mwanafunzi atawapita. Wakihama mji, kwaya inakufa siku hiyo hiyo. Hiyo si huduma, ni duka la mtu!

Soma Mambo ya Nyakati wa kwanza, sura ya 25. Mfalme Daudi aliweka waimbaji 288 katika nyumba ya Bwana, na zamu zao zilipangwa kwa kura. Mdogo na mkubwa walihesabiwa sawasawa, mwalimu pamoja na mwanafunzi wake. Mwanafunzi hakuwekwa nje mlangoni mpaka mwalimu afe. Walisimama pamoja katika kazi ya Mungu.

NA WEWE KIJANA JE?

Inawezekana una sauti nzuri. Inawezekana una vidole vya kupiga gitaa, au unagonga debe mpaka watu wanageuka kutazama. Umeambiwa ni uhuni. Umeambiwa hufiki popote. Nakwambia leo, aliyekupa sauti hiyo hakukosea. Ila kipaji bila mtu wa kukuongoza ni kama ngalawa bila usukani. Upepo upo, tanga lipo, lakini utapelekwa usikotaka. Tafuta mtu mwenye hofu ya Mungu akufundishe. Kubali kuambiwa rudia, kubali kuambiwa hapo umepotea tuni. Wale watoto wa Nancefield wangekataa kufundishwa, leo tungeimba nini?

Wala usiseme bado mapema, ngoja nikue. Enoch alikuwa na miaka minane tu kati ya siku aliyotunga wimbo ule na siku aliyokufa. Angeahirisha, angeufikia wapi?

Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Mara ngapi umeimba wimbo ule mkono ukiwa kifuani, mawazo yako yako kwenye mpira? Midomo inamtaja Mungu, moyo uko mbali. Inawezekana mtu akaimba sala miaka yote na asisali hata siku moja. Enoch alimjua yule aliyekuwa akimwomba. Je, wewe unamjua?

Yesu Kristo alikufa kwa ajili yako na akafufuka. Unaweza kuongea naye hapo hapo ulipo, nyuma ya soko au kitandani kwako usiku. Mwambie ukweli wa maisha yako. Tubu dhambi zako, mwombe aingie moyoni mwako, na sauti yako mkabidhi yeye. Hahitaji maneno makubwa. Yeye anasikia hata anayenong'ona.

Ukifanya hivyo, usikae peke yako. Njoo uone wahudumu jukwaani baada ya mkutano, tuombe pamoja. Na kama unataka kuimba, sema, tutakuonyesha vijana wenzako wanaojifunza.

Ukimaliza kusoma usiitupe karatasi hii. Mpe rafiki yako.

Mungu akubariki!