Francis Beaufort, Baharia Aliyeupa Upepo Nambari

Wengi huandika juu ya wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchagua baharia. Kwetu upande wa Keroka hakuna bahari, lakini upepo upo, tena si haba.

Jioni moja, mvua ya mawe ikikaribia, upepo uling'oa mabati ya jikoni kwa nyanya yangu ukayatupa kwenye majani chai ya jirani. Kulipokucha maneno yakaanza, ati upepo ule ulitumwa na mtu. Macho yakamwelekea mama mmoja mzee anayeishi peke yake. Huku kwetu maneno kama hayo si mzaha, watu wamewahi kuuawa kwa ajili yake. Nikamwuliza mwalimu wa jiografia kama upepo wa kawaida unaweza kuezua mabati. Akanipa jina moja: Beaufort.

Francis Beaufort alizaliwa tarehe 27 Mei 1774 mjini Navan, nchini Ayalandi. Baba yake alikuwa kasisi na mchoraji wa ramani. Kijana huyu alianza ubaharia mapema mno. Mwaka wa 1789, akiwa mdogo kuliko mimi, meli yake ilivunjika katika bahari ya Indonesia ya leo, akaokoka. Mwaka uliofuata akaingia jeshi la majini la Uingereza. Mwaka wa 1800, wakiiteka meli ya Wahispania karibu na Malaga, alipata majeraha kumi na tisa. Kumi na tisa! Na bado hakufa.

Januari 1806, akiwa nahodha wa meli iitwayo Woolwich, aliandika jambo dogo katika daftari lake. Siku hizo kila baharia aliandika hali ya upepo apendavyo. Ulio mkali kwangu, kwako ni wa kupunga jasho tu. Beaufort akapanga nambari kutoka 0 hadi 13, na baadaye zikaishia 12. Kusema kweli si yeye wa kwanza kujaribu, ila orodha yake ndiyo iliyoshika. Lililonifurahisha ni kwamba hakupima mwendo wa upepo hata kidogo. Alitazama matanga: meli ya vita inaweza kutandaza mangapi? Kwenye 12 hakuna tanga linalostahimili.

Mwaka wa 1812 alipigwa risasi kwenye pwani ya Uturuki, na baadaye akawa mtu wa ramani. Kuanzia 1829 hadi 1855 aliongoza ofisi ya ramani za bahari ya jeshi lile. Meli ya Beagle iliyomchukua Charles Darwin mwaka wa 1831 ilitumia nambari zake, na mwaka wa 1838 meli zote za jeshi zikaamriwa kuzitumia. Alifariki tarehe 17 Desemba 1857.

Basi mwendo uliingiaje? Hiyo ni kazi ya George Simpson, mwaka wa 1906. Shika kalamu. Chukua mwendo kwa mita kwa sekunde, gawa kwa 0.836, tafuta kipeo cha tatu cha jibu, kisha zidisha hicho kwa chenyewe. Kwa mfano, 6.7 ukigawa unapata 8, kipeo chake cha tatu ni 2, na 2 mara 2 ni 4. Huo ni upepo wa nambari 4, unaopeperusha vumbi na karatasi. Ukipata 22.6, yaani kilomita 81 hivi kwa saa, jibu ni 9.

Kwa nyanya hatukuwa na kipima upepo, lakini Simpson aliweka pia dalili za nchi kavu. Nambari 8 huvunja vijiti vya miti, 9 huondoa vigae vya paa, 10 hung'oa miti. Nikazunguka shambani. Matawi ya mikaratusi yalikuwa yamevunjika, lakini hakuna mti uliong'oka. Nikaandika 9. Nikakagua na misumari ya mabati: ilikuwa michache, tena imeshika kutu.

Jioni nilimsomea nyanya mbele ya majirani watatu. Nyanya akauliza misumari mipya ni bei gani. Majirani wawili waliacha maneno yale. Wa tatu, mpaka leo, hamsalimu yule mama.