Hugh Trowell: Daktari aliyekaa Afrika Mashariki miaka zaidi ya 25 ndipo akaripoti mshipa wa moyo ulioziba

Ukitaja presha na moyo leo pale Ujiji au Mwanga, hakuna anayeshangaa. Zamani haikuwa hivyo, na aliyeliona hilo mapema ni Dk Hugh Trowell.

Mwingereza huyo alizaliwa 1904, akasomea udaktari London na kuja Kenya 1929. Baadaye alihamia Uganda, akatibu Mulago na kufundisha madaktari wa Makerere. Mkewe, Margaret, ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere.

Trowell alijulikana kwanza kwa kwashakoo, utapiamlo wa watoto. Lakini kuna kitu kilimshangaza: wodi zimejaa, ila Mwafrika mwenye mshipa wa moyo ulioziba haonekani. Mwaka 1956 ndipo akaripoti kisa kimoja.

Alistaafu akarudi Uingereza, akawa kasisi wa Anglikana. Miaka ya 1970 aliungana na Denis Burkitt, aliyewahi naye kufanya kazi Mulago. Wakatetea hoja moja: chakula kisichokobolewa, chenye nyuzinyuzi nyingi, kinalinda mwili.

Mshipa unazibaje? Jibu lilizidi kufahamika miaka ya 1980, Trowell akiwa mzee. Lehemu, yaani kolesteroli, husafiri kwenye damu ndani ya vichembe viitwavyo LDL. Vikizidi, vinapenya ukuta wa mshipa na kunasa. Kumbe seli za ukuta huohuo zinaweza kuvichachisha, kama mafuta yanavyochacha yakikaa wazi. Seli za kinga huja kusafisha, zinavimeza mpaka zinajaa mafuta na kukwama humo. Uvimbe unakua, njia ya damu inakuwa nyembamba.

Basi, si ndiyo tunywe vidonge vya vitamini E kuzuia kuchacha? Vilijaribiwa kwa maelfu ya watu, havikupunguza magonjwa ya moyo. Kinachosaidia ni kuacha sigara, kupima presha na kushusha LDL.

Kwa wakazi wa Kigoma, mawese hayana lehemu, ila karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha LDL. Pima kwa kijiko, usimimine. Maharage na dona viendelee.

Trowell alifariki 1989. Leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma. Sahani ya nyumbani iko karibu zaidi.