Mwenyeheri Albert Joubert, Padri wa Fizi

Mtu apandaye mchikichi kando ya ziwa Tanganyika hangoji kukamua mawese mwaka ule ule. Hupalilia, humwagilia maji, hulinda mche usiliwe na mbuzi, na miaka hupita kabla hajaona mkungu wa kwanza. Jirani asiyejua kilimo aweza kumcheka na kusema kwamba mti ule hauna faida. Lakini mwenye shamba ajua ya kuwa mti unafanya kazi yake chini, pasipoonekana, nao unashusha mizizi.

Ndivyo ifanyavyo neema ya Mungu ndani ya mtu. Bwana wetu Yesu Kristu aliwafundisha Mitume kwamba yeye ni mzabibu na wao ni matawi, na kwamba tawi lisilokaa katika mzabibu haliwezi kuzaa kitu. Wakatekumeni wengine huona miaka ya mafundisho kuwa mirefu mno. Huuliza kwa nini hawabatizwi upesi, na wengine hukata tamaa wakarudi nyuma. Hao na wasikie habari za Padri Albert Joubert, aliyeuawa Fizi tarehe 28 Novemba 1964, ambaye Kanisa limemtangaza kuwa Mwenyeheri. Tunda lake lilikomaa siku moja tu, lakini mizizi yake ilikuwa ya miaka mingi.

MIZIZI

Baba yake, Léopold Louis Joubert, alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Katika ujana wake alikuwa askari wa Baba Mtakatifu Pius wa Tisa, akapata cheo cha kapteni. Mwaka 1880 aliitika mwito wa Askofu Mkuu Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, akaja Afrika kuwalinda wamisionari na watu wanyonge. Siku zile wafanya biashara ya watumwa walikuwa wakiziharibu nchi za ziwa. Vijiji vilichomwa moto, wanaume, wanawake na watoto walifungwa minyororo, wakavushwa ziwa mpaka Ujiji, na kutoka huko wakapelekwa pwani.

Kazi ya Injili ilianza kwa machozi. Huko ng'ambo ya ziwa, Rumonge katika nchi ya Burundi, Padri Deniaud na Padri Augier, pamoja na msaidizi wao d'Hoop, waliuawa tarehe 4 Mei 1881, na misioni yao ikafungwa. Machoni pa wanadamu mbegu ilikuwa imeoza, na hapakuwa na tumaini.

Kapteni Joubert alirudi kwao, lakini moyo wake haukuwaacha watu wa ziwa. Akaja mara ya pili, na mwaka 1887 akafika Mpala. Watu waliowakimbia wateka watumwa walikuja kukaa karibu naye, wapate ulinzi. Mwaka 1888 alifunga ndoa na Agnes Atakaye, binti wa nchi ile. Hakumchukua kuwa suria, kama wageni wengine walivyofanya. Alimchukua kuwa mke wake mbele ya altare, kwa sakramenti isiyovunjika, akakaa katika nchi ya mkewe hata kufa.

KUKUA

Albert alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1908, huko Saint-Louis ya Mrumbi, upande wa Moba. Alikuwa mtoto wa damu mbili, ya baba Mzungu na ya mama Mwafrika. Katika siku zile, watu wengi walipopima thamani ya mtu kwa rangi ya ngozi yake, mtoto wa namna hiyo aliweza kukataliwa huku na huku. Albert alikuwa na nyumba: ubatizo ulimfanya mwana wa Mungu, na katika nyumba hiyo hakuna mgeni.

Alipokuwa na umri wa miaka 8 lilitokea jambo kubwa katika nchi yao. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, Stefano Kaoze alipewa upadri. Huyo alikuwa padri wa kwanza miongoni mwa wana wa Kongo. Watu walitambua kwamba altare si ya wageni peke yao.

Albert naye alishika njia hiyo. Njia ya seminari si fupi. Mwanafunzi hujifunza Kilatini, hujifunza elimu ya Mungu, hujizoeza kutii, kunyamaza, kusali na kuamka mapema kila siku. Hakuna siku moja awezayo kusema kwamba leo amekwisha kukua. Mwaka 1927 Kapteni Joubert alifariki dunia, mwenye umri wa miaka 85. Mwanawe alikuwa na miaka 18, na ilibaki miaka minane kabla ya upadri wake. Mzee yule aliyepanda hakuliona tunda, naye alikufa katika tumaini. Mwaka 1935 Albert alipewa daraja takatifu ya upadri.

KUZAA

Kwa muda wa miaka 29 Padri Albert alifanya kazi ya padri. Kazi hiyo haina sifa nyingi mbele ya watu: kuadhimisha Misa, kuungamisha, kuwapaka wagonjwa mafuta matakatifu, kufundisha watoto, kupatanisha waliogombana, kusafiri kwenda vijijini. Siku hufanana, na padri huweza kujiuliza kama kweli anazaa kitu. Lakini matone ya mvua hufanana pia, na bila hayo shamba hukauka.

Mwaka 1958 wamisionari Wasaveri, watoto wa Mtakatifu Guido Maria Conforti, walifika katika nchi ya Uvira kutoka Italia. Mwaka 1962 Uvira ikafanywa jimbo. Katika miaka yake ya mwisho Padri Albert alikuwa Fizi, juu milimani, pamoja na Padri Giovanni Didoné, aliyekuwa paroko. Chini, ufukoni mwa ziwa, katika misioni ya Baraka, walikuwa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Hao watatu walikuwa vijana: Didoné miaka 34, Carrara miaka 31, Faccin miaka 30. Padri Albert alikuwa na miaka 56. Alikuwa mzee kati yao, na mwana wa ziwa lile lile.

Mwezi wa Mei 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji wa Uvira. Mwezi wa Oktoba jeshi la serikali liliurudisha, lakini Baraka na Fizi zilibaki mikononi mwa waasi. Hofu iliingia kila nyumba. Hata hivyo wale wanne walibaki pamoja na waumini wao. Tawi halichagui kukaa katika mzabibu wakati wa mvua tu, na kujitenga wakati wa jua kali.

Tarehe 28 Novemba 1964, siku ya Jumamosi, mkuu mmoja wa waasi alifika Baraka kwa gari. Bruda Faccin alipigwa risasi kwanza. Padri Carrara alikuwa kanisani akiwaungamisha watu. Alitoka, akamwona ndugu yake amelala chini. Akaamriwa kupanda garini, asikubali kumwacha ndugu yake. Akapiga magoti karibu naye, akauawa hapo hapo.

Kisha gari likapanda kwenda Fizi. Usiku ulikuwa umeingia. Padri Didoné alikwenda mlangoni na taa mkononi, akafanya ishara ya msalaba, akapigwa risasi. Padri Albert Joubert naye akauawa usiku ule ule. Mwana wa yule kapteni aliyekuja na bunduki kuwalinda wanyonge alikufa bila silaha, kati ya watu wake. Baba alitoa nguvu ya mkono wake, na mwana akatoa uhai wake wote. Upendo ulikuwa umepanda ngazi mpaka ya mwisho.

MATUNDA

Usiku ule mtu yeyote angeweza kusema kwamba kazi imekwisha, kama walivyosema watu wa Rumonge mwaka 1881. Lakini Mungu hahesabu kama wanadamu wanavyohesabu. Miaka 60 ikapita. Nchi ya Uvira na Fizi iliona vita tena na tena, na Wakristu wake waliendelea kubatiza watoto wao, kuzika wafu wao na kusali Rozari. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza wale wanne kuwa Wenyeheri. Tangu siku hiyo wana wa ziwa wana waombezi waliokunywa maji ya ziwa lao na kutembea njia zao.

FUNDISHO

Mkatekumeni apate hapa mambo matatu.

Kwanza, asidharau miaka ya maandalizi. Lavigerie mwenyewe aliagiza ukatekumeni wa miaka minne, ili ubatizo usimwagwe juu ya udongo usiolimwa. Miaka hiyo ndiyo wakati wa mizizi. Anayejifunza sala za asubuhi na jioni, anayeacha uchawi na ulevi, anayelipa deni lake, huyo anakua, ijapokuwa haoni.

Pili, asiridhike na majani. Medali shingoni na jina jipya la Kikristu ni majani, nayo ni mazuri. Lakini mwenye shamba hatafuti majani, hutafuta chikichi. Tunda la Mkristu ni kumsamehe jirani aliyemkosea mpakani mwa shamba, kumlisha yatima wa ndugu yake, kukaa na mke mmoja kwa uaminifu, kumtembelea mgonjwa ambaye wengine wamemkimbia.

Tatu, akae. Wale wanne hawakuzaa kwa sababu walikuwa na nguvu kuliko wengine. Walizaa kwa sababu hawakujitenga na Kristu, wala na watu wake, siku ile ilipokuwa rahisi kujitenga. Si kila Mkristu ataitwa kumwaga damu. Kila Mkristu ataitwa kubaki: kubaki katika sala inapokuwa kavu, katika ndoa inapokuwa ngumu, katika mafundisho wenzake wanapoyaacha.

Kusudi la juma hili: kila mkatekumeni achague mtu mmoja aliyegombana naye, amwendee kabla ya Jumapili, wapatane. Hilo litakuwa chikichi la kwanza.

Wenyeheri Albert, Giovanni, Luigi na Vittorio, mtuombee.