Rachel Carson, mtetezi wa udongo

Bi. Rachel Carson alizaliwa Mei 27, 1907 huko Springdale, Pennsylvania, Marekani. Alisomea elimu ya viumbe, akaajiriwa katika idara ya serikali ya samaki na wanyamapori. Mwaka 1962 alitoa kitabu Silent Spring, akaonyesha jinsi DDT inavyodumu udongoni na kuingia miilini mwa ndege, samaki na watu. Makampuni ya kemikali yalimshambulia vikali. Ingawa aliugua saratani, mwaka 1963 alikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Alifariki Aprili 14, 1964. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972.

Huku kwetu Afrika Mashariki, shamba la Vikuge, Tanzania, lililetewa shehena ya dawa kama msaada mwaka 1986, na ardhi yake ikachafuka. Baada ya Carson, wataalamu waligundua kuwa baadhi ya fangasi waozeshao miti huivunjavunja DDT, na mmea wa boga huifyonza kutoka ardhini.

Ndugu zangu wa Rebero, nanyi mnaovuka mipaka na bidhaa: boga lililosafisha udongo haliliwi, wala majani yake hayauzwi. Kabla ya kupanda mboga, ulizeni kiwanja kilihifadhi nini zamani.