Mtakatifu Teresa wa Avila na Vitabu vya Utotoni

Teresa alizaliwa Hispania mwaka 1515. Akiwa mtoto alisoma maisha ya wafiadini pamoja na ndugu yake Rodrigo. Simulizi hizo ziliwaingia moyoni hata wakatoroka nyumbani ili wakafie dini kwa Wamori. Ndugu wa baba yao aliwakuta nje ya mji, akawarudisha.

Mama yao, Beatriz, alipenda hadithi za mashujaa wapanda farasi, na Teresa akazizoea. Baba, Alonso, hakuzipenda, hivyo zilisomwa kwa siri. Baadaye Teresa alikiri kwamba zilimpoza kiroho.

Mama alifariki Teresa akiwa bado msichana. Kwa machozi alikwenda mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akamwomba awe mama yake.

Vitabu vilimrudisha tena. Barua za Mtakatifu Yeronimo zilimtia ujasiri wa kumweleza baba yake nia ya kuwa mtawa, na mwaka 1535 akaingia Karmeli. Miaka mingi baadaye, akisoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino, alijiona mwenyewe humo, akalia sana. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Tunajifunza nini? Kitabu humfundisha mtoto kupenda, kuogopa na kutumaini, kwa wema au kwa ubaya. Basi tusiwape watoto wetu kitabu tu na kuondoka. Tuketi nao, tusome nao, tuwaulize kimewagusa wapi.

Mtakatifu Teresa, utuombee.