Alan Turing, mtu aliyecheza sataranji kwa amri ya mashine

KIJANA wa Kibera anapocheza sataranji kwa simu na mwenzake wa Kawangware, au na mtu wa nchi ya mbali asiyemjua kamwe, haoni uso wa mshindani wake. Anachoona ni kete zikisogea kwenye kioo. Hawezi kujua papo hapo iwapo upande wa pili yupo mtu anayefikiri mwenyewe, au mtu anayenakili hatua kutoka kwa programu ya tarakilishi aliyoifungua kando.

Shaka hiyo huwasumbua wachezaji wa mtandaoni kote duniani. Hata hivyo, swali lililomo ndani yake liliulizwa kabla ya intaneti kuwapo, na mwanahisabati Mwingereza, Alan Turing.

Turing alizaliwa jijini London mnamo Juni 23, 1912. Alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka wa 1936 akaandika makala yaliyoeleza mashine ya kinadharia inayoweza kufanya kila hesabu ambayo kanuni zake zimewekwa wazi. Wazo hilo ndilo msingi wa tarakilishi za leo.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1939, alijiunga na kituo cha siri cha Bletchley Park. Huko alichangia pakubwa kufumbua mawasiliano ya Wajerumani yaliyofichwa kwa mashine ya Enigma. Miongoni mwa wenzake walikuwamo wachezaji hodari wa sataranji kama vile Hugh Alexander na Stuart Milner-Barry. Turing aliupenda mchezo huo, lakini hakuwa hodari.

Baada ya vita, yeye na rafiki yake, David Champernowne, walitunga kanuni za kuiwezesha mashine kucheza. Kazi hiyo ya mwaka wa 1948 waliiita Turochamp. Kila kete ilipewa thamani: askari 1, farasi 3, askofu 3.5, ngome 5 na malkia 10. Mashine ingetazama kila hatua inayowezekana na kila jibu la mpinzani, ifuatilie kete zinazoliwa hadi vurugu itulie, kisha ichague hatua yenye hesabu bora. Programu za leo zimeendelea mno, lakini nyingi bado zinafuata njia hiyo ya kutazama mbele na kupima.

Hapakuwa na tarakilishi ya kuitekeleza kazi hiyo. Kwa hiyo, mwaka wa 1952 Turing aliketi mbele ya Alick Glennie, akakokotoa hesabu zote kwa kalamu na karatasi, na kusogeza kete kama kanuni zilivyoamuru. Kila hatua ilimchukua takriban nusu saa. Alishindwa katika hatua ya 29. Hivyo basi, alifanya kile kile anachofanya mdanganyifu wa leo, yaani kusogeza kete kwa amri ya programu. Tofauti ni kwamba mpinzani wake alijua.

Miaka miwili kabla ya mchezo huo, katika jarida la falsafa la Mind, Turing alikuwa amependekeza jaribio maarufu. Alianza na mwanamume na mwanamke waliofichwa, huku muulizaji akijaribu kuwatofautisha kwa majibu ya maandishi pekee. Kisha akauliza itakuwaje mashine ikichukua nafasi ya mmoja wao. Wapenzi wa sataranji jijini Nairobi wana sababu ya kulikumbuka jaribio hilo. Mnamo Aprili 2023, katika mashindano ya Kenya Open, mwanamume aliyejifunika buibui na nikabu aliingia katika kitengo cha wanawake. Vazi lilimficha, lakini ushindi wake dhidi ya wachezaji wenye nguvu ulizua shaka.

Mtandaoni pia, mdanganyifu hufichuliwa na mchezo wake. Binadamu huchoka, huogopa na huvutwa na mazoea. Hujibu upesi hatua iliyo dhahiri na kukawia penye utata. Programu haijui hofu, na huchagua hatua ambayo jicho la binadamu huiona ya ajabu mradi hesabu yake ni bora. Anayeinakili mara nyingi hutumia muda ule ule kwa hatua rahisi na ngumu, na hatua zake hulingana na za programu kupita kiwango chake cha kawaida.

Hata hivyo, mchezo mmoja si ushahidi. Zipo hali ambapo hatua njema ni moja tu, na kila mchezaji makini huiona. Ndiyo maana wachunguzi hulinganisha michezo mingi kabla ya kutoa hukumu. Kijana wa mtaa wa mabanda anayeshinda kwa bidii yake asiitwe mwizi kwa sababu tu hakutarajiwa kushinda.

Turing mwenyewe alionja ukali wa hukumu. Mwaka wa 1952 alipatikana na hatia ya uhusiano na mwanamume, kosa la jinai nchini Uingereza wakati huo. Alikubali kutiwa homoni badala ya kufungwa, na akapoteza idhini ya kufanya kazi za siri. Alifariki mnamo Juni 7, 1954, akiwa na umri wa miaka 41, kwa sumu ya sianidi. Uchunguzi uliamua kwamba alijiua. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka wa 2013.

Hakuishi kuona tarakilishi ya Deep Blue ikimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, mwaka wa 1997. Leo programu ya bure ndani ya simu humshinda bingwa yeyote, na mtu yeyote anaweza kuitii kwa siri.